Ratili ya Nyama na Mtoto wa Rehani: Mkopo Usio na Riba katika Mabepari wa Venisi na Peponi

Utangulizi

Mwislamu anayetaka kuishi kwa misingi ya sharia katika uchumi unaoendeshwa kwa riba hukabiliwa na swali moja kila anapotakiwa kutia saini: je, mkataba huu una riba? Swali hilo limejadiliwa kwa kina na wanafikihi, wanasheria na wanauchumi. Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili haujalipa uzito kama huo, ingawa deni ni miongoni mwa mambo yanayosukuma visa katika kazi nyingi zinazosomwa na kufundishwa vyuoni. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba fasihi ina swali la pili la kuuliza, hata baada ya lile la kwanza kujibiwa: ikiwa mkataba hauna riba, ni nani atakayebeba hasara?

Kazi mbili zimeteuliwa kwa madhumuni haya. Ya kwanza ni Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius K. Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, iliyochapishwa mwaka 1969. Ya pili ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise. Riwaya hiyo ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na tafsiri yake ikachapishwa mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kazi zote mbili zimeingia katika Kiswahili kwa mlango wa tafsiri, na visa vyake vyote viwili vimejengwa juu ya mkopo. Zaidi ya hayo, uzito wa deni lililo kitovuni mwa kila kazi hauko katika asilimia. Shylock anakopesha bila kudai riba. Aziz, mfanyabiashara wa Peponi, anatwaa kitu kisichohesabika kwa asilimia, yaani mtoto. Katika kazi zote mbili dhamana ni mwili wa binadamu, na mwili huo si wa yule aliyefaidi mkopo.

Neno riba na kitenzi kula

Ni vyema kuanza na lugha yenyewe. Kiingereza kina maneno mawili, moja la nyongeza inayokubalika na sheria na jingine la nyongeza inayolaaniwa. Historia ya maneno hayo ni historia ya Ulaya kutenganisha polepole benki na dhambi. Kiswahili hakikupitia mtengano huo. Neno riba, lililotoka katika Kiarabu, ndilo linalotumiwa na khatibu juu ya mimbari anapoonya, na ndilo linalotumiwa na Benki Kuu inapotangaza kiwango chake. Wakati sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ilipoweka kikomo cha gharama ya mikopo ya benki, hadi kikomo hicho kilipoondolewa mwaka 2019, neno hilo lilitajwa kila siku katika taarifa za habari, bila lawama wala kutetemeka. Msemaji mmoja wa Kiswahili aliweza kulisikia asubuhi likiwa haramu na jioni likiwa takwimu.

Hali hii ya neno kutumikia mabwana wawili ndiyo hali ya mwumini mwenyewe. Anaishi ndani ya neno ambalo jamii yake imelisafisha na kitabu chake hakijalisafisha. Katika mwaka uleule wa 1969 ambapo Mabepari wa Venisi ilichapishwa, tafsiri kamili ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, ilichapishwa Nairobi. Msomaji wa Kiswahili wa mwaka huo angeweza kuwa na vitabu vyote viwili katika rafu moja: kimoja kinachoharamisha riba, na kingine kinachoonyesha watu wakigombana juu yake mbele ya hakimu.

Vilevile, kitenzi kinachoandamana na neno hilo kina maana kubwa kifasihi. Katika Kiswahili riba huliwa. Kurani inauita utwaaji wa riba ulaji, na tafsiri zake za Kiswahili zimeufuata usemi huo. Biblia ya Kiswahili ya Muungano nayo inaitaja riba kwa kitenzi hichohicho katika Zaburi ya 15. Kula riba kumekaa katika lugha pamoja na kula mali ya yatima na kula rushwa. Mlaji hula kitu kilicho cha mwingine, na anayeliwa hupungua. Kwa hiyo, Shylock anapodai ratili ya nyama, msomaji wa Kiswahili hakutani na jambo geni kabisa. Anakutana na sitiari ya lugha yake ikiwa imevuliwa nguo na kusimamishwa jukwaani. Kile ambacho lugha ilikuwa ikikisema kwa kitenzi, tamthilia inakidai kwa kisu na mizani.

Bepari wa Venisi na hoja ya kondoo

Shakespeare aliipa tamthilia yake jina la mfanyabiashara mmoja, na mfanyabiashara huyo ni Antonio wala si Shylock. Nyerere aliligeuza jina hilo kuwa la wingi, na akachagua neno bepari. Tafsiri hii ilichapishwa miaka miwili baada ya Azimio la Arusha na kutaifishwa kwa mabenki nchini Tanzania mwaka 1967. Ni rahisi basi kuiona kama kauli ya kisiasa tu. Hata hivyo, neno bepari lilitoka katika lugha za Bara Hindi, ambako maana yake ni mfanyabiashara. Lilifika pwani pamoja na wafanyabiashara wenyewe, likachukua maana ya mnyonyaji baadaye. Kwa hiyo jina la Nyerere ni tafsiri sisisi na hukumu kwa wakati mmoja. Wingi wake nao unamnyima Antonio nafasi ya kusimama peke yake upande wa watu wema.

Hoja hii inahitaji kuthibitishwa kutoka ndani ya tamthilia. Katika onyesho la tatu la sehemu ya kwanza, Shylock anautetea utaratibu wake kwa kisa cha Yakobo na kondoo wa mjomba wake Labani. Yakobo alizidisha mifugo kwa werevu wake, na Shylock anaona kwamba fedha nazo zaweza kuzaa kama kondoo. Antonio anamjibu kwamba biashara ya Yakobo ilikuwa ya kubahatisha na matokeo yake yalikuwa mikononi mwa Mungu. Mabishano haya mafupi yanagusa kiini cha suala. Aya ya 275 ya Suratul Baqara inawataja watu wanaodai kwamba biashara na riba ni kitu kimoja, na inawakanusha kwa kuhalalisha ya kwanza na kuharamisha ya pili. Shylock anatoa dai la watu hao. Antonio, Mkristo wa Venisi, anatoa jibu linalokaribia sana la wanafikihi: anayetaka faida lazima awe tayari kubeba hatari ya hasara. Merikebu zake ziko baharini na zaweza kuzama. Fedha za Shylock haziwezi kuzama.

Kufikia hapo tamthilia inaonekana kumuunga mkono Antonio, lakini inageuka mara moja. Antonio ambaye hujivuna kwamba hakopeshi wala hakopi kwa nyongeza anaivunja desturi yake kwa ajili ya haja ya rafiki. Haja yenyewe ni ipi? Bassanio anataka dukati 3,000 ili apate kusafiri kwa fahari kwenda kumposa Portia, bibi tajiri wa Belmont. Msomaji wa Kiswahili anaijua methali inayosema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa methali hiyo inakaribia kutimia neno kwa neno, isipokuwa kwamba mkopaji anapata harusi na mdhamini wake ndiye anayeandaliwa matanga. Kanuni ya fikihi kwamba dharura huhalalisha kilichoharamishwa ina masharti, na miongoni mwake ni kwamba dharura iwe ya kweli na ipimwe kwa kadiri yake. Safari ya Bassanio haiwezi kuvuka kipimo hicho. Usafi wa Antonio ulidumu kwa muda ambao hakuwa na haja.

Kisha linakuja jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Shylock anakataa riba. Anajitolea kukopesha kwa miezi mitatu bila kutaka senti moja ya nyongeza, na anaiita hatua hiyo wema. Sharti la ratili ya nyama linaletwa kama mzaha. Kwa kipimo cha asilimia peke yake, huu ndio mkopo safi kuliko yote iliyopata kutolewa na Shylock. Ndio pia mkopo wa kikatili kuliko yote. Mtu anayeukagua kwa kutafuta nyongeza ya fedha hataiona, na akitosheka na ukaguzi huo ataupitisha. Hiki ndicho kinaya kikuu cha tamthilia: uovu wa riba umehamia katika mkataba usio na riba, na umehamia humo kwa jina la urafiki.

Hukumu ya Portia haiuponyi ugonjwa huu. Anamshinda Shylock kwa kuusoma mkataba kwa ukali kuliko Shylock mwenyewe: nyama imeandikwa, damu haikuandikwa. Hiyo ni hila ya maandishi inayoishinda hila ya maandishi. Baada ya kusifu huruma, mahakama inamnyang'anya Shylock mali yake, na Antonio anapoombwa alegeze, sharti lake mojawapo ni kwamba Shylock aache dini yake. Lazima isemwe pia kwamba usawiri wa Shylock umebeba chuki ya Ulaya dhidi ya Wayahudi. Venisi iliwatenga Wayahudi katika mtaa wao mwaka 1516, ikawabana katika kazi chache, ukopeshaji ukiwa mojawapo, kisha ikawadharau kwa kazi hiyohiyo. Mji ulihitaji riba na ulihitaji kubaki safi, ukatafuta mtu wa kuibeba dhambi kwa niaba yake.

Hila ya bei ya khiyari

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Unguja hana haja ya kwenda Venisi kuutafuta utaratibu huo. Uchumi wa pwani katika karne ya kumi na tisa ulisimama juu ya mkopo. Wenye mashamba ya mikarafuu na viongozi wa misafara ya bara walipata mtaji kutoka kwa wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi, Wabanyani na Makhoja. Tippu Tip, katika tawasifu yake aliyoisimulia kwa Kiswahili, anaeleza wazi jinsi Taria Topan wa Unguja alivyomdhamini kwa mali ya safari. Taria Topan mwenyewe alikuwa Mwislamu wa Kiismaili, jambo linalotosha kuonyesha kwamba mgawanyo wa Mwislamu msafi na Mhindi mla riba, unaosikika hata leo katika masimulizi ya mitaani, hausimami mbele ya historia.

Muhimu zaidi kwa makala haya ni umbo la kisheria lililotumiwa. Fahad Bishara, katika utafiti wake juu ya deni na sheria katika Bahari ya Hindi uliochapishwa mwaka 2017, ameonyesha nafasi kubwa ya bei ya khiyari katika Oman na Unguja. Mwenye shamba aliyehitaji fedha aliliuza shamba lake kwa mkopeshaji kwa sharti kwamba ana khiyari ya kulikomboa ndani ya muda fulani. Papo hapo akalikodi kutoka kwa mnunuzi huyo, akabaki humo humo, akilipa kodi. Katika daftari palikuwa na mauzo halali na ukodishaji halali. Katika maisha palikuwa na mkopo, na kodi ilifanya kazi ya riba. Wanafikihi walibishana juu ya mauzo hayo: wengine waliyaona kuwa njia ya kuwaondolea watu dhiki, wengine wakayaona kuwa riba iliyovaa kanzu.

Kwa mhakiki, bei ya khiyari ni suala la fani na maudhui. Mkataba ni matini. Una fani yake, yaani maneno, mashahidi na tarehe. Una pia maudhui yake, yaani kile kinachotendeka kati ya watu wawili. Uhakiki wa fasihi umezoea kuuliza kama fani na maudhui vinapatana au vinakinzana. Fasihi ya deni huzaliwa mahali vinapokinzana, na kwa sababu hiyo riwaya yaweza kuliona jambo ambalo daftari haliwezi kuliandika.

Rehani katika Peponi

Peponi ni hadithi ya Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, ambaye baba yake, mwenye hoteli ndogo katika mji wa Kawa, amefilisika. Anaondoka nyumbani kwa gari la moshi pamoja na Aziz, mfanyabiashara tajiri ambaye tangu zamani amemjua kama jamaa wa ukoo na ambaye kila alipowatembelea alimpa sarafu ya anna kumi. Yusuf anadhani anakwenda kutembea. Ni Khalil, kijana anayeuza katika duka la Aziz, anayemfunulia kwamba Aziz si jamaa yake, kwamba anapaswa kumwita Seyyid, na kwamba yeye, kama Khalil mwenyewe, ni rehani ya deni la baba yake.

Gurnah aliliacha neno rehani kwa Kiswahili ndani ya matini ya Kiingereza. Uteuzi huo haukuwa pambo. Rehani ni neno la fikihi. Aya ya 283 ya Suratul Baqara inaruhusu dhamana inayokabidhiwa mkononi pale watu walio safarini wasipompata mwandishi wa deni. Rehani basi ni taasisi halali, iliyowekwa ili kumlinda mkopeshaji bila kumruhusu kula riba. Lakini kitu cha kuwekwa rehani sharti kiwe mali, na mtu huru si mali. Aziz analitwaa neno halali na kulifunika juu ya kitu haramu. Hahitaji kudai nyongeza. Kila siku Yusuf anayopiga deki, kupakua magunia na kulala barazani ni nyongeza inayolipwa bila kuandikwa popote.

Usawiri wa Aziz umefanywa kwa uangalifu mkubwa. Hapigi kelele, hana ukatili wa wazi, ananukia manukato na anaheshimiwa. Ukali wa safari ameuachia mnyapara wake, Mohammed Abdalla. Laiti mwandishi angemchora kama Shylock wa jukwaani, mwenye kisu na mizani, msomaji angemchukia na kulala salama. Badala yake anachorwa kama mtu ambaye msomaji angependa kuswali nyuma yake. Lugha ya ukoo inayotumiwa nyumbani kwa baba yake Yusuf inafanya kazi ileile iliyofanywa na neno urafiki katika mkataba wa Shylock: inaziba pengo kati ya kinachosemwa na kinachotendeka.

Ni hapa ambapo jina la mhusika linadai kusomwa kwa makini. Wahakiki wengi wameona kwamba riwaya inakisimulia upya kisa cha Nabii Yusuf: kijana mzuri aliyetolewa nyumbani kwao, bwana anayeitwa Aziz, mke wa bwana aitwaye Zulekha na kanzu inayopasuliwa. Ulinganisho huo kwa kawaida huishia katika kishawishi cha bustanini. Upo mwingine unaohusu deni moja kwa moja. Katika aya ya 78 na ya 79 za Sura Yusuf, kikombe kinapopatikana katika mzigo wa ndugu mdogo, ndugu wakubwa wanamwomba Yusuf, ambaye sasa ni mwenye mamlaka, amwachilie na amchukue mmoja wao badala yake. Yusuf anakataa. Anajikinga kwa Mungu asije akamshika mtu asiyekutwa na mali, kwani kufanya hivyo kungekuwa dhuluma. Yusuf wa Kurani alikataa kumtwaa mtu badala ya mwingine. Yusuf wa riwaya ametwaliwa badala ya mwingine. Mwenye kulijua simulizi la asili ataona kwamba Gurnah hakuazima kisa tu. Ameweka hukumu dhidi ya Aziz ndani ya jina la mtoto aliyemtwaa.

Riwaya pia haikubali kwamba kufuta deni kunatosha kumrudisha mtu alivyokuwa. Amina, aliyelelewa kama dada yake Khalil, alitolewa kwa Aziz pamoja naye kwa sababu ya deni la baba, kisha akaolewa na Aziz. Deni likakoma, lakini Khalil anabaki dukani, akiwa amefungwa na heshima na dada aliyeachwa ndani. Mzee Hamdani, mtunza bustani, alipewa uhuru na bibi yake akaukataa, kwa hoja kwamba hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumpa kitu hicho. Katika hitimisho la kisa Yusuf anakimbilia safu ya askari wa Wajerumani. Anaondoka chini ya mdai mmoja na kujitia chini ya dola ambayo nayo itamtumia mwili wake vitani.

Ikumbukwe kwamba Aziz naye ana anayemdai. Msafara wake wa kwenda bara umebeba bidhaa za mkopo, na Chatu anapowapora, hasara hiyo inatishia kumwangusha mbele ya wakopeshaji wa pwani. Kama Antonio, anabeba hatari ya kweli ya biashara. Hata hivyo, ameihamisha sehemu ya hatari hiyo juu ya watu wasio na sauti: wapagazi wanaokufa njiani, watoto waliowekwa dukani. Mnyororo wa deni unashuka kutoka kwa mwenye mtaji hadi kwa mtu ambaye hana kitu cha kuweka dhamana isipokuwa nafsi yake au mwanawe.

Usomaji huu na mwumini wa leo

Pengine itapingwa kwamba kazi hizi zinazungumzia zama zilizopita, na kwamba leo hakuna benki inayodai nyama wala mtoto. Pingamizi hilo lina uzito wake. Mwislamu wa Kenya leo ana njia ambazo wazee wake hawakuwa nazo. Mwaka 2008 benki mbili zinazofuata sharia kikamilifu zilifungua milango nchini. Tanzania ilipata benki yake ya kwanza ya aina hiyo mwaka 2011, na mwaka huohuo Benki ya Watu wa Zanzibar ikaanzisha dirisha la Kiislamu. Kabla ya hapo, wengi waliweka fedha katika akaunti za hundi zisizozaa riba, au waliipokea riba na kuitoa kwa kazi za umma bila kutarajia thawabu. Wanawake wa pwani wameendelea kuwekeana zamu katika upatu, ambamo kila mtu hutoa sawa na hupokea sawa, na hakuna anayekula cha mwenziwe. Hatua hizi ni jitihada za kweli, na gharama yake ni ya kweli. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeukataa mkopo wa serikali wa elimu ya juu kwa sababu umetozwa riba ya 4% kwa mwaka huenda ameikataa pia shahada.

Kwa sababu gharama ni kubwa hivyo, swali la fani na maudhui haliwezi kuepukwa. Mkataba unaotumiwa zaidi na benki za Kiislamu ni murabaha: benki hununua gari au nyumba, kisha humuuzia mteja kwa bei ya juu inayolipwa kwa awamu. Wanafikihi wameuhalalisha kwa masharti, likiwamo sharti kwamba benki iimiliki bidhaa hiyo kwanza na kubeba dhima yake, hata kwa muda mfupi. Pale sharti hilo linapotekelezwa, pana biashara. Pale linapobaki katika karatasi, wakosoaji wa ndani ya Uislamu wenyewe wameuliza tofauti yake na bei ya khiyari iko wapi. Mudharaba na musharaka, mikataba ya kushirikiana faida na hasara, ndiyo husifiwa zaidi vitabuni, na ndiyo hutumiwa kwa uchache. Kwa upande mwingine, mikopo ya simu iliyoenea nchini Kenya tangu mwaka 2012 huiita nyongeza yake ada. Kubadilisha jina ni rahisi katika pande zote mbili.

Fasihi haina mamlaka ya kutoa fatwa, na makala haya hayaipi. Inachoweza kufanya ni kumzoeza msomaji kuutazama mkataba kama anavyoutazama mhusika: kwa matendo yake kuliko kwa maneno yake. Aya ya 279 ya Suratul Baqara inafunga katazo la riba kwa sharti la pande mbili, kwamba mtu asidhulumu wala asidhulumiwe, na inayofuata inaagiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda. Shylock hampi Antonio muda. Aziz anampa baba yake Yusuf muda, lakini muda huo unalipwa na mtoto. Kwa kipimo cha aya hizo mikataba yote miwili inaanguka, japo haina asilimia.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Mabepari wa Venisi na Peponi zinaukataa usomaji unaoishia katika kuwapo au kutokuwapo kwa riba. Katika kazi ya kwanza, riba inaachwa na nyama inadaiwa. Katika ya pili, neno halali la rehani linafunika utwaaji wa mtu huru. Katika zote mbili anayelipa si aliyekopa, na dhuluma inapitishwa kwa lugha ya mapenzi: urafiki kwa Antonio, ukoo kwa Yusuf. Uchunguzi wa neno riba na kitenzi chake umeonyesha pia kwamba Kiswahili kimeihifadhi hukumu ambayo lugha ya benki imejaribu kuisahaulisha, na kwamba mfasiri anayezileta kazi hizi katika Kiswahili huzileta mbele ya hukumu hiyo, apende asipende.

Hoja hii haipunguzi uzito wa katazo. Inalirudisha katika sababu yake. Mwumini anayetafuta mkopo usio na riba anatafuta jambo la haki, na jamii yenye riba inayomfanya achague kati ya imani na nyumba inastahili kulaumiwa kwa hilo. Lakini mkopo usio na riba ndio aliopewa Antonio. Mwenye kuusoma mkataba wake mpaka mwisho atakuta sharti la dhamana, na hapo ndipo pa kuuliza ni mwili wa nani ulioandikwa.